Nailoni, plastiki inayooza au nyuzi za asili: nyenzo ipi ifae zana ipi ya uvuvi

Mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki anayetaka kupunguza plastiki anayoiacha baharini ana makundi matatu ya nyenzo mbele yake. Kundi la kwanza ni plastiki za kawaida, yaani nailoni ya nyavu na mishipi, pamoja na polipropilini na poliethilini za kamba. Kundi la pili ni plastiki zilizotengenezwa makusudi ili zioze, na kwa upande wa nyavu hizi ni hasa PBS na PBAT, polima mbili ambazo kwa kawaida huchanganywa katika uzi mmoja. Kundi la tatu ni nyuzi na miti ya asili ambayo wazee walivulia na ambayo haijatoweka kabisa: pamba, katani, usumba wa nazi, fito na mianzi. Katika warsha na maandiko ya miradi makundi haya hupangwa kama ngazi, nailoni ikiwa chini na plastiki inayooza ikiwa juu, kana kwamba kilichobaki ni kutafuta fedha za kupandia. Ulinganisho huu umepangwa kwa zana, kwa sababu uzi unaofaa kwenye dema, yaani mtego wa samaki, waweza kuwa hasara tupu kwenye jarife, wavu mkubwa wa kutega, na kamba isiyo na dosari shambani kwenye mwani yaweza kukupotezea chombo ukiifunga kwenye nanga.

Madhara mawili, kila moja na muda wake

Zana iliyopotea hudhuru kwa njia mbili. Kwanza, huendelea kuvua bila mwenyewe: samaki huingia, hufa, mizoga yao huwavuta wengine, na hao nao hunasa. Pili, plastiki yake hubaki, huchakaa kwa jua na mawimbi, hukatikakatika, na mwisho huwa chembe ambazo hakuna awezaye kuziokota.

Madhara haya hayaendi kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo uchaguzi mwingi hupotoka. Utafiti uliofanywa karibu na Muscat, Oman, kuhusu mitego ya waya ambayo huko huitwa gargoor, na kuchapishwa mwaka 2004, ulikadiria kwamba mtego mmoja uliopotea huua takriban kilo 67 za samaki katika miezi 3 ya mwanzo, na kwamba hadi miezi 6 jumla hiyo hufika kilo 78 tu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mauaji imekwisha kufanyika kabla msimu haujageuka. Nyavu za kutega zilizopotea katika maji ya kina kifupi nazo hufanana na hilo: mawimbi huzikunja, mwani huota juu yake, chaza na konokono hujishikiza, na baada ya miezi michache huwa zimebaki furushi lisilovua kitu kikubwa isipokuwa kasa au kaa mwenye bahati mbaya. Zilizozama kwenye kina kirefu, katika baridi na giza, ndizo zinazoweza kuendelea kuvua kwa miaka.

Kwa hiyo nyenzo inayoanza kuoza baada ya miaka 2 yaweza kuwa jibu la plastiki, lakini samaki wa miezi ile ya mwanzo haiwaokoi. Uzi unaooza baada ya wiki chache huwaokoa samaki hao hata kama mtego wenyewe ni wa chuma au plastiki. Anayenunua, na zaidi anayetoa ruzuku, anapaswa kusema kwanza anapambana na dhara lipi kati ya hayo mawili.

Si kila kinachooza huoza baharini

Kabla ya kulinganisha zana, inafaa kuondoa mezani nyenzo mbili zinazouzwa kwa jina zuri. PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au miwa, huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 58 za Selisiasi, na hakuna ufuo wetu unaofika huko; baharini hukaa muda mrefu kama plastiki nyingine nyingi. Nyingine ni plastiki za kawaida zilizotiwa kemikali ili zivunjike kwa jua na hewa. Hizo haziozi, husagika tu, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa agizo lake nambari 2019/904, ambalo pia linawataka watengenezaji wa zana za uvuvi zenye plastiki wagharimie ukusanyaji wa zana chakavu.

Vilevile, kutokana na mmea na kuoza ni mambo mawili tofauti. PBS inaweza kutengenezwa kwa mafuta ya petroli na bado ikaliwa na bakteria. Poliethilini inaweza kutengenezwa kwa miwa na ikadumu kama dada yake wa petroli. Muuzaji akikuonyesha picha ya jani la kijani kwenye mfuko, mwulize imepimwa katika maji ya bahari, katika joto gani, na kwa muda gani. Nembo ya kuoza baharini inayotolewa na TÜV Austria, shirika la upimaji na utoaji vyeti, kwa mfano, hudai kwamba asilimia 90 ya nyenzo iwe imeliwa na vijiumbe ndani ya miezi 6 katika maji ya nyuzi 30. Hilo ni joto linalokaribia la bahari yetu wakati wa kaskazi, hivyo kipimo hicho kina maana kwetu kuliko kwa mvuvi wa Norwe. Hata hivyo, uzi unaoweza kuliwa kwa asilimia 90 katika nusu mwaka hauwezi kuwa uzi wa wavu unaotarajiwa kufanya kazi misimu miwili, na muuzaji anayeahidi yote mawili kwa pamoja ana deni la maelezo.

Nyavu za kutega: nailoni bado iko mbele

Korea Kusini ndiyo iliyotangulia kuzipeleka nyavu zinazooza mikononi mwa wavuvi. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Uvuvi ya nchi hiyo ilitengeneza uzi wenye asilimia 82 ya PBS na asilimia 18 ya PBAT, na serikali ikawa inalipia tofauti ya bei kati ya wavu huo na wa nailoni. Katika jaribio la nyavu za kuelea lililochapishwa mwaka 2016, nyavu hizo zilivua samaki wakubwa kwa kiwango sawa na nailoni, wadogo wakapungua, na uzi ukaanza kushambuliwa na viumbe wa baharini baada ya kukaa majini takriban miezi 24. Ukiishia hapo utadhani kesi imekwisha.

Norwe ilipojaribu uzi wa jamii hiyo kwa samaki wa maji ya baridi, matokeo hayakuwa mazuri hivyo. Nailoni ilivua zaidi, na pengo liliongezeka kadiri nyavu zilivyotumika, kwa sababu uzi unaooza hupoteza nguvu na uwezo wa kuvutika mapema kuliko nailoni. Wavu wa kutega hauhitaji nguvu pekee. Unahitaji kulainika ukilowa, kunyumbulika samaki anapoingiza kichwa, kisha kumbana nyuma ya matamvua bila kukatika. Nailoni hunywa maji kidogo na kulainika. PBS hubaki ngumu zaidi. Ugumu huo unaweza kuwa faida kwa samaki wadogo, ambao huponyoka, na hasara kwa mwenye chombo.

Hasara hiyo huhesabika. Tuseme mvuvi anapata wastani wa kilo 20 kwa usiku, na wavu mpya unavua pungufu kwa sehemu moja ya tano. Hizo ni kilo 4 kila usiku, na kwa usiku 200 wa kazi ni kilo 800, juu ya bei kubwa zaidi aliyoilipa dukani. Hakuna hotuba ya mazingira inayoweza kushindana na kilo 800. Serikali ya Korea ililijua hilo ndiyo maana ikatoa ruzuku, na mradi wowote utakaoleta nyavu hizi Kilwa au Lamu bila kueleza nani atafidia pengo hilo utaziona nyavu zake zikifunika matuta ya mchicha.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Nyavu zinazooza zilizojaribiwa hadi sasa nyingi ni za uzi mmoja usiosokotwa, ule unaong'aa kama mshipi. Nyavu za uzi huo, ambazo kwetu huitwa timba, zimekatazwa Tanzania, na Kenya pia imezipiga marufuku, kwa sababu ni za bei rahisi, hazionekani majini, hukatika haraka na kutupwa hovyo. Ofisa wa uvuvi anayekagua boti mwaloni hana namna ya kutofautisha kwa macho timba ya nailoni na timba ya PBS, na sheria haimpi ruhusa ya kujaribu. Kwa hiyo, mpaka uzi unaooza upatikane ukiwa umesokotwa kwa nyuzi nyingi kama nailoni ya 210D/9 au 210D/12 ambayo wavuvi wanaijua kwa namba zake, au mpaka kanuni zibadilishwe kwa makini, mjadala wa nyavu za kutega zinazooza katika pwani yetu unaanza na kizuizi cha kisheria kabla ya kufika kwenye bei.

Jambo la tatu ni ghala. Polima hizi huvunjwa na maji na joto hata kabla bakteria hawajazigusa. Wavu uliorundikwa umelowa katika banda la makuti au bati wakati wa joto la Februari huanza kuzeeka ukiwa nchi kavu. Nailoni nayo huchomwa na jua, lakini husamehe uzembe mwingi zaidi.

Nani, basi, azifikirie nyavu hizi? Kwa maoni yangu, wavuvi wa kina kirefu ambako wavu ukipotea haurudi na huendelea kuua kwa miaka, tena wenye ruzuku ya uhakika na kanuni inayowaruhusu. Hiyo ni hali ya Norwe zaidi kuliko ya Rufiji. Mvuvi wa miambani anayetega kwenye pima chache anafaidika zaidi kwa nailoni ya nyuzi nyingi iliyowekwa alama ya mwenyewe, kutotega juu ya matumbawe wakati wa kusi kali, na utaratibu wa kutafuta nyavu zilizopotea. Norwe yenyewe, pamoja na majaribio yake yote ya plastiki inayooza, imekuwa ikituma chombo kuzoa zana zilizopotea tangu mwaka 1983, na wavuvi wake wanalazimika kutoa taarifa wanapopoteza. Mwongozo wa hiari wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuhusu kuweka alama zana za uvuvi ulipitishwa mwaka 2018, na kuutekeleza katika kijiji kimoja kunagharimu rangi, vibao na daftari.

Nyavu za pamba zilizosokotwa, kwa wanaoziuliza, si mbadala wa kweli tena. Zilihitaji kuchemshwa na magome ya mikoko mara kwa mara ili zisioze, kuanikwa kila zikirudi, na kushonwa upya bila kikomo. Kuzirudisha leo kungeongeza ukataji wa mikoko na kuwapa wavuvi kazi ambayo hawatakubali kuifanya.

Dema: hapa ndipo nyuzi za asili zinaposhinda

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kila mwaka duniani hupotea asilimia 5.7 ya nyavu na asilimia 8.6 ya mitego. Mtego hupotea kwa urahisi kwa sababu umeachwa peke yake chini, kamba ya chelezo hukatwa na rafadha ya boti ipitayo, au mwizi huchukua chelezo na kuacha kilicho chini. Ukijumlisha hilo na zile kilo 67 za Oman, dema ndiyo zana ambayo senti moja ya nyenzo inayooza huleta faida kubwa kuliko zote.

Dema la zamani lililosukwa kwa mianzi na fito halikuwa na tatizo hili kwa kiwango kikubwa. Likipotea, minyoo na chaza wa mbao hulila, na baada ya miezi kadhaa hufunguka lenyewe. Tatizo limekua na dema la waya, na zaidi lile la fremu ya nondo lililofunikwa wavu wa plastiki, ambalo lina nguvu, huhitaji matengenezo machache, na likipotea hubaki limesimama. Kumwambia mvuvi arudi kwenye mianzi ni ushauri unaofaa mahali ambapo mianzi ipo na mafundi wa kusuka wapo. Kwingine afadhali abaki na waya wake na abadilishe sehemu moja tu, yaani mlango.

Kanuni za jimbo la Alaska, Marekani, zinataka kila mtego wa kaa uwe na mwanya ukutani wa inchi 18, yaani karibu sentimeta 46, ulioshonwa kwa uzi mmoja wa pamba tupu usiotiwa dawa, na kwa mitego mingi uzi huo usizidi unene wa nyuzi 30. Mtego ukipotea, pamba huoza, mwanya hufunguka, na viumbe hutoka. Hakuna polima mpya wala kiwanda kinachohitajika. Fundi wa dema wa Mafia au Shimoni anaweza kukata tundu kwenye ubavu, kwa ukubwa unaompitisha samaki mnene anayemtarajia, akaweka kipande cha waya kama mlango, akakifunga kwa pamba pande zote. Tundu likae ubavuni na lisiwe chini, kwa maana dema huzama mchangani na mlango wa chini hufunguka bila kumfaa yeyote.

Kosa la kawaida litakuwa kwenye uzi. Sehemu kubwa ya nyuzi za kushonea zinazouzwa madukani kwetu ni poliesta au mchanganyiko, hata zikionekana nyeupe na laini kama pamba. Kata kipande, kiwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa moto wa njano, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu jepesi linalosagika kati ya vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha punje nyeusi ngumu. Uzi wowote unaoacha punje usifungie mlango wa dema.

Pamba dhidi ya katani ni ulinganisho wa haki hapa. Pamba nyembamba huoza upesi na kwa muda unaotabirika, lakini ni lazima ibadilishwe mara nyingi. Kamba nyembamba ya katani hudumu zaidi kidogo, hupatikana kwa urahisi Tanga na kwingineko, na inaendana na mikono ya fundi aliyezoea kufunga fito. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa katani duniani tangu miche ya kwanza ilipoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na ni ajabu kidogo kwamba mitego ya pwani hiyo hiyo imefungwa kwa waya na plastiki kutoka nje. Katani ina kasoro ya kuwa na unene usio sawa, kwa hiyo mlango mmoja waweza kufunguka baada ya mwezi na mwingine baada ya mitatu. Kwa kuwa mauaji mengi hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo, ningechagua pamba kwa mlango na kuiacha katani kwa kazi ya kushikilia fito.

Hakuna sababu ya kuamini muda wa kuoza uliopimwa Alaska, ambako maji ni baridi. Maji ya nyuzi 27 huozesha upesi zaidi. Kikundi cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo wao, kinaweza kufunga vipande vya uzi wa unene mbalimbali kwenye kamba moja chini ya chelezo, kuvivuta kila wiki kwa mkono, na kuandika ni wiki gani kila kimoja kilikatika. Unene unaostahimili muda wa kutosha hadi ukarabati wa kawaida wa dema, na kukatika mara baada ya hapo, ndio unaofaa kijiji hicho.

Mlango unaooza usichanganywe na mwanya wa kudumu wa kuwatolea samaki wadogo. Mwanya huo ulijaribiwa katika malema ya Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba samaki wasio na thamani walipungua huku ukubwa wa wanaobaki na kipato cha wavuvi vikiongezeka. Vyote viwili vinaweza kuwekwa kwenye dema moja. Cha kwanza hufanya kazi dema likipotea, cha pili hufanya kazi kila siku.

Kamba: nguvu kwanza, kuoza baadaye

Kamba ya katani ya milimita 12 hukatika kwenye uzito ambao ni takriban nusu ya ule wa polipropilini ya unene huo huo, tena ikiwa mpya na kavu. Ikishalowa na kukauka mara kadhaa hupungua zaidi, na uozo huanzia ndani ambako jicho halioni. Kwa nanga na kwa kamba ya kuvutia jarife, hilo halikubaliki, kwani chombo kilichopoteza nanga usiku huleta uchafu mwingi kuliko kamba yenyewe, ukiacha roho za watu. Hapo plastiki ibaki, inunuliwe nzuri, ikaguliwe, na ikichakaa irudi nchi kavu. Tahadhari moja kwa mnunuzi: kamba nyingi zinazouzwa kwa jina la manila ni plastiki, kwa hiyo kipimo cha kiberiti kitumike hapa pia.

Usumba una hadhi tofauti kidogo. Ni dhaifu kuliko katani, lakini hustahimili maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingine nyingi za asili, huelea, na huvutika bila kukatika ghafla. Wanawake wa pwani ya Unguja bado hufukia makumbi kwenye mchanga wa maji kupwa na kujaa, huyafunika kwa mawe, huyaacha miezi mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi zibaki, kisha huyaponda na kusokota kamba kwa viganja. Kamba hiyo inatosha kwa chelezo cha dema la kina kifupi, kwa kufunga fito za uzio na kwa tanga dogo. Kazi yake ni kubwa na malipo yake madogo, na ukitaka kijiji kitumie usumba lazima uwe tayari kulipa bei inayomfaa msokotaji, vinginevyo polipropilini itashinda kwa haki.

Zana moja ya kamba ambako nyuzi za asili zinafaa moja kwa moja ni vivutia samaki vinavyoelea, vile vinavyotumiwa na meli kubwa za jodari katika Bahari ya Hindi. Kifaa hicho huachwa kielee na mkondo, mara nyingi hakirudi kwa mwenyewe, na muda wa kazi unaotakiwa ni karibu mwaka mmoja. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, iliamua mwaka 2019 kwamba kuanzia Januari 2020 vivutia hivyo visitengenezwe kwa nyavu zinazonasa, na ikahimiza nyenzo zinazooza. Kamba za pamba zimekwisha kujaribiwa kwa kazi hiyo katika bahari hii. Kwa mvuvi mdogo hili si la kuchagua, ila ni la kudai, kwa sababu mabaki ya vifaa hivyo hukwama kwenye miamba yake.

Mwani: kinachodumu kinaweza kuwa safi zaidi

Shamba la mwani la Paje au Jambiani lina vigingi, kamba kuu, na vikamba vyembamba vya plastiki vya kufungia mbegu, maarufu kama taitai. Kamba kuu hukaa misimu mingi. Taitai hufunguliwa au hukatwa kila mavuno, takriban kila wiki 6, na kile kinachobaki mchangani ndicho kinachoonekana kila mahali maji yakipwa.

Wazo la kwanza linalokuja ni kuzibadilisha kwa pamba au ukindu. Linafaa kwa kiasi: kikamba kinatakiwa kudumu wiki 6 katika maji ya joto chini ya mvuto wa mawimbi, na pamba nyembamba iko kwenye ukingo wa muda huo. Ikikatika wiki ya nne, mkulima amepoteza mbegu na mavuno yake, na mkulima huyo kwa kawaida ni mwanamke ambaye hana akiba ya kuanza upya. Pamba nene zaidi hutatua hilo kwa gharama zaidi.

Njia nyingine ni kutumia kitanzi cha uzi imara kinachofungwa moja kwa moja kwenye kamba kuu na kubaki hapo mavuno baada ya mavuno, mbegu ikipitishwa ndani ya kitanzi na kutolewa bila kukata chochote. Kitanzi hicho ni plastiki, na bado kinaacha plastiki kidogo baharini kuliko taitai, kwa sababu hakiachwi. Ningewashauri wakulima waanze na kitanzi, na pamba au ukindu vijaribiwe kwenye kamba chache za pembeni. Wanaofadhili miradi hawapendi jibu hili, kwa vile kitanzi cha nailoni hakipigi picha nzuri.

Mshipi na ndoana

Uchambuzi ule wa 2019 uliweka upotevu wa mishipi kwenye asilimia 29 kwa mwaka, juu kuliko zana zote. Hata hivyo kwa sasa hakuna mshipi unaooza ambao ningemshauri mvuvi wa changu au jodari autegemee, kwani mshipi ni mwembamba, hubeba uzito wote wa samaki, na ukipoteza nguvu kidogo tu samaki ameondoka nao pamoja na ndoana. Mshipi chakavu ukusanywe kwenye chupa ndani ya chombo na urudi pwani. Ndoana ya chuma cha kawaida, isiyo ya chuma kisichoshika kutu, huliwa na chumvi yenyewe na ndiyo ya kununua.

Ukiwa na fedha kidogo

Kikundi chenye bajeti ndogo kianze na uzi wa pamba wa milango ya dema, kisha vitanzi vya mwani mahali panapolimwa, kisha alama na daftari la nyavu. Usumba na katani vipewe kazi za kufunga na za chelezo, mbali na nanga. Nyavu za plastiki inayooza zisubiri mpaka mtu alete zilizosokotwa, zikiwa na cheti cha kuoza katika maji ya bahari.

Mfadhili akifika nazo kabla ya hapo, kikundi kiombe mambo manne kwenye maandishi: jina kamili la polima na uwiano wake, barua ya idara ya uvuvi inayosema nyavu hizo si timba haramu, nani atalipa tofauti ya samaki wakipungua, na kwa misimu mingapi, na zitapelekwa wapi zikishachoka, maana wavu wa PBS uliozeeka kabla haujaoza bado ni plastiki, na haustahili kutupwa baharini kwa sababu tu umeahidiwa kwamba siku moja utaliwa na bakteria.